Eijkman na Kuku wa Batavia



Ukurasa huu wa watu wa elimu unapofika, wengi hutarajia jina la Ibn Sina, la al-Razi au la Ibn al-Baytar. Safari hii tumemchukua Mholanzi, tena daktari wa jeshi la kikoloni, jeshi ambalo wakati ule lilikuwa vitani na Waislamu wa Aceh katika kisiwa cha Sumatra. Hatukumchagua kwa kuwa alikuwa mtu wetu. Tumemchagua kwa sababu ya kuku, wali, na kosa moja kubwa alilolifanya huku jibu likiwa tayari mkononi mwake.

Sote tunajua hali ilivyo hapa chuoni. Bwenini kuna anayeuza unga wa majani ya mlonge, jirani yake anauza mafuta ya habasoda, na wenzetu wa idara za chakula na famasia wanaandika tasnifu juu ya viini vidogo vilivyomo ndani ya vyakula, ambavyo huenda vikamkinga mtu na kisukari, saratani au maradhi ya moyo. Muuzaji na mtafiti wanakutana kwenye swali moja. Utajuaje kwamba kitu fulani ndani ya chakula ndicho kinachozuia maradhi? Christiaan Eijkman, ambaye jina lake hutamkwa karibu na Aikmani, ni mmoja wa watu wa mwanzo kulijibu swali hilo kwa majaribio ya maabara. Alilijibu bila kukusudia.

Alizaliwa tarehe 11 Agosti 1858 katika mji mdogo wa Nijkerk, Uholanzi, mtoto wa saba wa mwalimu mkuu. Baadaye familia ilihamia Zaandam, ambako baba alipewa shule nyingine. Mshahara wa mwalimu mwenye watoto wengi haukutosha kumsomesha kijana udaktari, basi mwaka 1875 Christiaan aliingia chuo cha madaktari wa jeshi mjini Amsterdam. Mapatano yalikuwa wazi: serikali inamsomesha, naye atalipa kwa utumishi katika makoloni ya Mashariki, nchi tunayoiita leo Indonesia. Wenzetu wanaosoma kwa ufadhili wenye masharti wataielewa hali yake.

Mwaka 1883 alipata shahada ya udaktari kwa tasnifu juu ya umeme katika mishipa ya fahamu, akaoa, akapanda meli. Alipangiwa Semarang, kisha Cilacap katika kisiwa cha Java, kisha Padang Sidempuan huko Sumatra. Malaria ilimkamata vibaya. Mwishoni mwa 1885 alirudishwa kwao mgonjwa, na mwaka uliofuata mke wake, Aaltje, akafariki. Mtu wa miaka 27, mjane, mwenye homa zisizokatika. Wengi wangeomba kuachishwa jeshi. Yeye alikwenda Berlin kusoma zaidi.

Berlin ya miaka ile ilikuwa kama kibla cha elimu ya vijidudu. Robert Koch alikuwa ametangaza kijidudu cha kifua kikuu mwaka 1882, na muda mfupi baadaye kile cha kipindupindu. Kila daktari kijana aliamini kwamba maradhi yote yana kijidudu chake, na kwamba ukiwa na hadubini nzuri na subira, utakiona. Eijkman alijifunza katika maabara ya Koch namna ya kukitafuta, kukiotesha, na kukidunga kwa mnyama ili kuthibitisha kwamba ndicho kiletacho maradhi. Elimu hiyo ilimfaa sana. Ilimpoteza njia pia, kama tutakavyoona.

Maradhi yaliyokuwa yakiisumbua serikali ya Uholanzi wakati huo ni beriberi. Mgonjwa huanza kwa uzito wa miguu na ganzi ya nyayo. Anatembea kama anayekanyaga pamba. Baada ya muda miguu inapooza, misuli inanyauka, au mwili unavimba maji na moyo unashindwa ghafla, mtu anakufa mchana ilhali asubuhi alikuwa akizungumza. Vita vya Aceh vilianza mwaka 1873, na watu wa Aceh waliupinga utawala wa kikoloni kwa miaka mingi. Ndani ya kambi za Waholanzi beriberi iliwalaza askari na wafungwa waliobebeshwa mizigo ya jeshi kwa idadi iliyotisha makao makuu. Wengi wa waliougua hawakuwa Wazungu. Walikuwa wana wa Java na visiwa vingine, waliovalishwa sare au waliofungwa minyororo.

Maradhi haya yalizuka kambini, gerezani na melini, yaani kila mahali ambapo watu wengi hulala chumba kimoja. Nani asingefikiri kwamba yanaambukiza? Mwaka 1886 serikali ilituma tume ya wataalamu wawili, Pekelharing na Winkler. Walipopita Berlin kujifunza mbinu za Koch walikutana na Eijkman, wakamwomba aende nao kama msaidizi. Akarudi Mashariki, kwenye nchi iliyokuwa karibu imuue.

Tume ilifanya kazi kwa muda usiotimia mwaka. Ilitangaza kwamba imeona bakteria katika damu ya wagonjwa, ikashauri kambi zisafishwe kwa dawa, ikarudi Ulaya mwaka 1887. Pekelharing alikuwa mwangalifu kiasi cha kujua kwamba kazi haijakamilika. Akaomba maabara ndogo iliyofunguliwa katika hospitali ya jeshi mjini Batavia, Jakarta ya leo, isifungwe. Januari 1888 Eijkman akateuliwa kuwa mkurugenzi wake. Alisimamia pia shule iliyowafundisha vijana wa Kijava udaktari.

Kazi aliyoachiwa ilionekana nyepesi: chukua bakteria wale, wadunge wanyama, waugue beriberi, basi. Alianza na sungura na nyani, hawakuugua. Akahisi huenda maradhi yanachukua muda mrefu, au sindano zirudiwe mara nyingi, na kwa hiyo akahitaji wanyama wengi wa bei ndogo. Akanunua kuku.

Kuku wakaugua. Kwanza waliyumba, wakashindwa kusimama juu ya kijiti chao. Halafu miguu ikakunjika, wakalala ubavu, mabawa yakalegea, upanga wa kichwani ukageuka samawati, pumzi ikakata. Aliwapasua, akaitazama mishipa yao ya fahamu kwa hadubini, akaiona imeharibika kwa namna inayofanana na ya wagonjwa wa beriberi. Furaha yake tunaweza kuikisia. Lakini alikuwa ametenga kundi jingine la kuku ambao hawakudungwa kitu, kwa ajili ya kulinganisha. Na wale nao waliugua vilevile.

Hapa pana mtego unaowanasa watafiti hata leo. Akili iliyofunzwa kutafuta kijidudu ilimwambia kwamba wale wa pili wameambukizwa na wa kwanza, banda likiwa moja. Akawahamisha kuku wapya mahali pengine, mbali na wagonjwa. Wakaugua pia. Akiwa bado anatafuta banda lisilo na maradhi, siku za mwisho za Novemba 1889 maradhi yenyewe yakatoweka. Waliokuwa wagonjwa wakapona, na hakuna kuku mpya aliyeugua. Akabaki na maabara isiyokuwa na maradhi ya kuchunguza.

Mtu mwingine angeliita jambo hilo bahati mbaya, akaandika ripoti na kuomba likizo. Eijkman aliuliza ni nini kilichobadilika. Akaenda kwa mhudumu wa kuku, akafungua daftari la matumizi. Akakuta kwamba tangu tarehe 17 Juni hadi 27 Novemba mhudumu, ili kuokoa fedha, alikuwa akiwalisha kuku wali uliobaki katika jiko la hospitali ya jeshi. Maradhi yalizuka tarehe 10 Julai. Kisha mpishi wa hospitali akabadilishwa, na mpishi mpya alikataa katakata kwamba wali wa jeshi wapewe kuku wa raia. Wakarudishiwa chakula chao cha zamani, mchele wa rangi usiokobolewa sana. Wakapona.

Mpishi yule hana jina katika simulizi hii. Kwa ukali wake juu ya makombo ya serikali alifanya jaribio ambalo tume ya wataalamu haikulifikiria.

Kwa wasiolima mpunga tueleze kidogo. Punje ya mpunga ina ganda gumu la nje, makapi, ambalo halilikwi. Likiondoka, mchele unabaki umevaa utando mwembamba wenye rangi, pamoja na kiini cha uhai kilicho pembeni mwa punje. Mama zetu wakitwanga kwa kinu na mchi, sehemu ya utando hubaki kwenye punje. Mashine za mvuke zilizoenea Asia katika karne ya 19 zilikwangua utando wote na kutoa mchele mweupe unaong'aa, unaodumu ghalani bila kuharibika haraka. Jeshi liliupenda kwa sababu hiyo. Utando uliokwanguliwa, ule wishwa, ulikuwa chakula cha mifugo.

Eijkman sasa alifanya kazi kama mtu aliyezinduka usingizini. Je, ni maji ya kupikia? Alijaribu, hapana. Ni wali kulala hadi ukachacha? Hapana, mchele mweupe mbichi ulileta maradhi vilevile. Ni uzee wa mchele? Alilinganisha. Ni mashine? Alichukua mchele salama na kuukoboa mwenyewe, na kuku wakaugua. Akawapa kuku mchele mweupe akiuchanganya na wishwa uleule uliotupwa, wakabaki wazima. Akawapa kuku waliokwisha kupooza, wakasimama. Akaendelea mbele: kilichomo ndani ya wishwa kinayeyuka majini, kwa hiyo unaweza kukitoa na kumpa mgonjwa maji yake tu.

Huyu hapa, basi, miaka ya mwanzo ya 1890, mtu aliyeshika kwa mkono wake dawa iliyofichwa ndani ya chakula. Anaweza kuleta maradhi na kuyaondoa kila apendapo. Na maelezo yake yakawa ya makosa.

Alisema kwamba wanga wa mchele, ukifika tumboni, unatoa sumu inayoshambulia mishipa ya fahamu, na kwamba utando wa mchele una kitu kinachoivunja sumu hiyo. Wala hakulisema ovyo. Aliwalisha kuku wanga wa sago na wa muhogo, wakaugua. Mwanafunzi wa Koch hakuweza kufikiri maradhi pasipo adui anayeingia mwilini. Kama si kijidudu, basi sumu. Kwamba mtu aweze kuumwa na kufa kwa sababu ya kitu ambacho hakikuingia, kwa sababu ya upungufu wa chembe isiyoonekana, hilo halikuwa na mahali pa kukaa katika kichwa chake, wala katika vichwa vya wengi wa zama zake.

Tusimcheke. Huko Japani daktari wa jeshi la majini, Takaki Kanehiro, alikuwa ameliona jambo lilelile miaka michache kabla. Meli ya mafunzo Ryujo iliyosafiri mwaka 1882 ilikuwa na watu 376; 169 waliugua beriberi na 25 wakafa. Takaki akabadilisha chakula, akaongeza nyama, maharage na shayiri, na beriberi ikakaribia kuisha katika jeshi la majini. Yeye alisema kilichopungua ni protini. Dawa yake ilikuwa sahihi, maelezo hayakuwa. Wakuu wa tiba wa jeshi la nchi kavu, waliosoma Ujerumani, walikataa kumfuata kwa kuwa hakuwa na kijidudu cha kuwaonyesha, na askari wao wakaendelea kufa kwa wali mweupe hadi katika vita na Urusi.

Turudi Java. Kuku si binadamu, na Eijkman alijua kwamba watu watamwambia hivyo. Mwaka 1895 alilizungumza jambo hilo na Adolphe Vorderman, mkaguzi wa afya wa Java. Vorderman aliyajua magereza yote ya kisiwa. Alijua pia kwamba kila eneo liliwapa wafungwa mchele wa desturi ya eneo hilo, hapa mweupe, pale wenye utando, kwingine mchanganyiko. Vorderman akafunga safari. Alikagua magereza 101 yaliyopitiwa na wafungwa karibu 280,000, wengi wao wanakijiji Waislamu wa Java ambao majina yao hayakuandikwa popote isipokuwa katika daftari la gereza. Alichukua sampuli za mchele na kupima ni kiasi gani cha utando kilichobaki. Akaandika umri wa majengo, msongamano, hewa, sakafu, ili asije akaambiwa kwamba chanzo ni uchafu au unyevu.

Matokeo yalitoka mwaka 1897. Katika magereza 51 yaliyotumia mchele mweupe, 36 yalikuwa na beriberi. Katika 13 ya mchanganyiko, 6. Katika 37 yaliyotumia mchele wenye utando, gereza 1 tu. Ukihesabu watu, penye mchele mweupe aliugua mfungwa mmoja katika kila 39. Penye mchele wenye utando ilikuwa mmoja katika zaidi ya 10,000. Umri wa jengo haukuonyesha tofauti ya maana, wala hewa.

Tunasomeshwa takwimu kwa mifano ya viwanda na mitihani. Laiti tungesomeshwa kwa daftari la Vorderman. Wapo waliompinga, na hoja yao haikuwa ya kijinga: magereza hayakugawanywa kwa kura, huenda penye mchele mweupe palikuwa na jambo jingine. Haikupita miaka mingi kabla madaktari wa Malaya hawajawagawa watu makundi mawili, mahali pamoja, kwa michele tofauti, na jibu likawa lilelile.

Eijkman hakuwapo Java ripoti ilipotoka. Homa zilimrudia, na mwaka 1896 alirejea Uholanzi moja kwa moja, pamoja na mke wake wa pili, Bertha, na mwana wao. Kabla hatujamwacha Batavia, kuna kazi yake nyingine inayostahili kutajwa ingawa husahauliwa. Wazungu wa zama zile walidai kwamba damu na joto la mwili wa mtu mweupe hubadilika nchi za joto, na kwamba maumbile ya miili yao ni mengine. Eijkman alipima damu, joto la mwili na matumizi ya chakula ya Wazungu na ya wenyeji wa Java, akayakuta hayana tofauti ya maana. Kwa afisa wa jeshi la kikoloni, kuandika hivyo si jambo dogo.

Maabara ilibaki kwa msaidizi wake, Gerrit Grijns. Huyu hakuwa na deni kwa nadharia ya sumu. Alichukua nyama, akaipika kwa joto la nyuzi 120, akawalisha kuku nyama hiyo peke yake. Wakaugua. Hapakuwa na wanga hata chembe, sumu ya wanga ingetoka wapi? Kisha akawapa kuku wagonjwa choroko, hizi hizi tunazokula bwaloni kwa chapati na kuzilalamikia. Choroko hazina utando wa mchele, lakini kuku walipona. Mwaka 1901 Grijns akaandika neno ambalo mwalimu wake hakuweza kulisema: katika vyakula vya asili vimo viini ambavyo mishipa ya fahamu haiwezi kuishi bila hivyo, huharibika kwa moto mkali, na vikikosekana mtu huugua. Hakuna sumu yoyote. Kuna upungufu.

Mkubwa wa kazi, aliyejenga maabara, aliyegundua kila kitu, anaambiwa na aliyekuwa msaidizi wake kwamba amekosea penye moyo wa jambo. Eijkman hakukubali mara moja. Aliitetea sumu yake kwa muda, akarudia majaribio kwa mikono yake huko Utrecht, ambako tangu 1898 alikuwa profesa. Majaribio yakamwelekeza kwa Grijns, naye akamfuata. Mwishoni mwa maisha yake, alipotakiwa kueleza ugunduzi wake mbele ya ulimwengu, alimtaja Grijns na alichokifanya.

Sayansi ya baadaye ilionyesha kwamba hata kosa lake lilikuwa na kivuli cha ukweli. Kiini kile, thiamini au vitamini B1, ndicho kinachouwezesha mwili kugeuza wanga kuwa nguvu. Kadiri unavyokula wanga mwingi ndivyo unavyokihitaji zaidi, na akiba yake mwilini ni ya wiki chache tu. Ndiyo maana sinia la wali mweupe, siku baada ya siku bila mboga wala maharage, lilikuwa la hatari kiasi kile. Eijkman aliuona uhusiano wa wanga na maradhi, akaugeuza kichwa chini.

Neno vitamini lenyewe halikutoka Uholanzi. Mwaka 1912 Casimir Funk, mzaliwa wa Poland aliyekuwa akifanya kazi London, ndiye aliyelitunga alipokuwa akikisaka kiini hicho ndani ya wishwa. Baada yake ulimwengu ukaingia mbioni: kiini cha kiseyeye, cha matege, cha pelagra iliyowakumba waliokula mahindi matupu. Wapenzi wa posho nyeupe isiyo na kiini wanaombwa wasome habari za pelagra kwa wakati wao.

Mbio hizo hazijaisha, na ni hapa ninapowakumbuka wauzaji wetu wa bwenini. Kuona kwamba walao chakula fulani hawaugui ni mwanzo wa kazi tu. Katika miaka ya 1980 iliaminika kwamba beta-karotini, ile rangi ya karoti, huzuia saratani ya mapafu, kwa kuwa walao mboga nyingi huugua kidogo. Huko Finland wakachukuliwa wanaume wavutaji sigara zaidi ya 29,000, wengine wakapewa vidonge vya beta-karotini na wengine vidonge vitupu. Mwaka 1994 matokeo yalipotoka, waliopewa beta-karotini walikuwa wameugua saratani ya mapafu zaidi, kwa asilimia 18. Mboga zilikuwa na faida, lakini kidonge kilichotolewa kwa jina lao kiliwadhuru. Bila kundi la kulinganisha, kama lile la kuku wasiodungwa, kidonge hicho kingekuwa kinauzwa hadi leo kwa wavutaji sigara kama kinga. Anayetuuzia unga wa mlonge huenda anasema kweli. Tumuulize tu kuku wake wa kulinganisha wako wapi.

Miaka ya Utrecht ilikuwa tulivu. Eijkman alifundisha afya ya jamii, akabuni njia ya kupima kama maji ya kunywa yamechanganyika na kinyesi, akazeeka. Kule Batavia, katika maabara ileile, Jansen na Donath walirithi kazi. Walichuja wishwa wa mchele kwa mamia ya kilo, wakiwapima kila hatua ndege wadogo waliolishwa mchele mweupe, hadi mwaka 1926 wakabaki na chembechembe safi zisizojaza kijiko. Sehemu yake waliifunga na kuituma Utrecht, kwa mzee.

Eijkman, ambaye alikuwa akikaribia miaka 70, akafanya alichokifanya akiwa kijana. Aliwalisha ndege mchele uliokobolewa, akawagawa makundi, akawapa baadhi yao ile chembe kwa kipimo kidogo mno. Walipona. Miaka 37 baada ya mpishi yule kukataa kutoa wali wake, kile kilichokuwa ndani ya wishwa kikawa mezani, kinaonekana kwa macho.

Mwaka 1929 alipewa Tuzo ya Nobel ya tiba pamoja na Mwingereza Frederick Gowland Hopkins. Grijns hakuitwa, na wanahistoria wa sayansi wamelizungumza jambo hilo tangu wakati huo. Eijkman alikuwa mgonjwa, hakuweza kusafiri hadi Stockholm. Hotuba yake aliiandika, na humo ndimo alimoeleza habari za mhudumu wa kuku, wali wa hospitali na mpishi mpya, bila kujipamba, kama mtu anayesimulia jambo lililompata njiani. Alifariki Utrecht tarehe 5 Novemba 1930. Miaka sita baadaye Robert Williams, Mmarekani aliyeanza kuisaka beriberi akiwa Manila, alitangaza muundo kamili wa thiamini na namna ya kuitengeneza kiwandani.